Dabo kebini ya familia: ipi haichoshi waliokaa nyuma?

BabaSalma_Fuoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba mawazo yenu maana nshazunguka yadi, nshauliza watu, na kila mmoja ana lake. Nina mke na watoto watatu, mkubwa miaka 12 na mdogo mitatu, na mama yangu mzazi tunakaa nae, magoti yanamsumbua. Tunakaa Fuoni, kazi yangu ipo Malindi, asubuhi napeleka watoto skuli, jioni chuoni, halafu mwisho wa wiki tunakwenda shamba Donge na hatujawahi kurudi mikono mitupu, ndizi, mihogo, nazi, kuni za mama, saa nyengine mbao. Na wakwe zangu wapo Micheweni kwa hiyo kuna safari za kuvuka Pemba pia, na nikijaaliwa gari nataka niwe navuka nayo.

Sasa hivi nina gari ndogo ya saluni na mizigo nakodia gari ya mtu. Nataka pikapu ya milango minne, hiyo dabo kebini, used kutoka nje, dizeli. Kila ninaemuuliza ananambia chukua Hilux umalize. Sawa, lakini mie nishapanda pikapu ya kazini siti ya nyuma mpaka Makunduchi na kurudi, na nilipofika nilishuka nimeshika kiuno, sasa nikamfikiria mama. Sitaki gari ambayo dereva anastarehe mbele na waliokaa nyuma wanahesabu matuta.

Kwa hiyo suali langu sio ipi ina nguvu wala ipi inavuta tani ngapi. Ipi inakaa vizuri kwa familia kila siku, na fundi wa hapa hapa Unguja akiikamata anaijua? Toyota Hilux, Nissan Navara, Mitsubishi L200, Isuzu D-Max, Ford Ranger, zote nimezitia kwenye fikra. Ahsanteni.

Mpemba_wa_Ole

Waaleikum salaam shekhe. Umeuliza suali zuri na wengi hawaulizi hivo, wanauliza injini tu.

Kwanza elewa kwa nini ulishika kiuno. Hizi pikapu karibu zote zimetengenezwa zibebe kama tani moja nyuma, na springi zake za nyuma ni vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya chenzake. Ukizipakia magunia ya karafuu zinatulia vizuri sana, mie nabeba karafuu kila msimu najua. Lakini ukiwa mtupu, watoto watatu na mkoba wa skuli, ile springi haina cha kuibonyeza, kwa hiyo kila tuta linapanda juu mpaka kwenye uti wa mgongo. Na aliekaa siti ya nyuma anapata zaidi kwa sababu yeye ndie yuko karibu na ile ekseli.

Sasa hapo ndipo Navara inapojitenga. Navara mpya, ile wanayoita NP300 au D23, iliyoanza kutoka 2014 na 2015, dabo kebini zake nyingi zimetiwa koili springi nyuma kama gari za station, sio vile vyuma bapa. Utaisikia tofauti kwenye njia ya kifusi mara moja. Sio zote lakini, zile za kazi ngumu kuna nchi waliziacha na springi za zamani, kwa hiyo usimuulize dalali, inama uangalie mwenyewe chini. Na usichanganye na Navara ya kabla yake, D40, hiyo ni gari nyengine kabisa na ina mambo yake, mafundi watakwambia.

L200 kuanzia 2015 ina vyuma bapa kama wenzake lakini siti yake ya nyuma mgongo umelala, kama nyuzi 25 hivi, wakati nyingi nyengine mgongo umesimama wima kama benchi la skuli. Kwa mama mzee hilo ni jambo kubwa kuliko springi. Na inakata kona fupi, radiasi ya mita 5.9, Hilux ya rika lake ni 6.4. Nusu mita kwenye karatasi ni kitu kidogo ila mwenye kugeuza gari vichochoro vya Ng'ambo au pale sokoni Chake siku ya mkesha wa Sikukuu anajua nusu mita ni nini.

Jengine ambalo watu wa Unguja huwa hamlifikirii kwa sababu kwenu tambarare. Pemba ni vilima. Ukishuka Mkoani kwenda Micheweni unapita kisiwa kizima, panda shuka panda shuka, na masika lami inateleza. Pikapu tupu inayosukuma magurudumu ya nyuma peke yake inapenda kutupa mkia kwenye kona ya mvua. Foo-wili ya kawaida ya pikapu, yaani magurudumu yote manne kusukuma, huruhusiwi kuitia kwenye lami kavu, inakaza giaboksi na mataili, lakini L200 zenye mfumo wa Super Select zina difu ya katikati inayoacha magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo, kwa hiyo unaweza kutembea foo-wili kwenye lami mvua ikinyesha bila wasiwasi. Angalia kitufe, zile zenye Easy Select hazina hiyo.

Mie ningekuwa wewe ningeanza na hizo mbili, Navara ya koili na L200 ya Super Select, halafu ndio nitazame nyengine.

kijana_wa_Bububu

Hilux tu kaka. Speya kila duka, ukitaka kuuza unauza siku hiyo hiyo. Hayo mengine maneno.

UmmuZahra

Naomba nami niseme maana hapa naona wanaume watupu na wenye kukaa siti ya nyuma na mtoto mapajani ni sisi.

Kaka BabaSalma hesabu watu wako kwanza. Wewe, mkeo, watoto watatu, na mama. Hao ni sita. Dabo kebini ina mikanda mitano. Sasa yule wa sita anakaa wapi? Nasema hivi kwa sababu najua linalotokea, nimeliona njia ya Nungwi na njia ya Paje kila Jumapili, wale wakubwa wawili "watakaa nyuma tu, si mbali", wamekalia ukingo wa bodi wanacheka, gari inakwenda themanini. Wallahi roho inanitoka nikiona. Mtoto anaetupwa kutoka kwenye bodi hakuna kitu cha kumzuia, na breki ya ghafla haichagui safari fupi wala ndefu. Ukinunua pikapu weka sharti na nafsi yako siku ya kwanza kwamba nyuma ni mizigo, na mkeo alijue sharti hilo na watoto walijue, maana wao ndio watakaokulilia waruhusiwe.

Kwa hiyo suali kabla ya Hilux au Navara ni kwamba safari ngapi mnakwenda wote sita? Kama mama yenu huwa anabaki nyumbani siku za skuli na shamba anakwenda mara moja moja, basi pikapu inaweza, siku hiyo mmoja atabaki au mtakwenda kwa mafungu. Kama kila Jumamosi mnakwenda sote, mie kwa ushauri wangu tazama gari ya safu tatu na ile mizigo tafuta tela ndogo au keria ya juu. Sisemi kukukatisha tamaa. Sisi kwetu ni watano kamili na tuna dabo kebini na tunaipenda.

Kuhusu starehe yenyewe, hivi ndivyo vitu ambavyo mwanamme hatoviona akiijaribu gari peke yake. Kupanda: pikapu iko juu, na mtu mwenye baibui na mtoto mkononi anahitaji kibao cha kukanyagia kipana chenye mpira, sio lile bomba la duara linalong'aa ambalo likirowa tu unateleza. Na kuwe na mshikio pale kwenye nguzo ya katikati, sio juu ya dirisha tu, mtu wa magoti anajivuta kwa mshikio ule. Mlango wa nyuma ufunguke kweli, kuna gari mlango unafunguka nusu na mtu mzima anaingia kwa kujipinda. AC: nyengine zina tundu za upepo kwa walio nyuma, Navara NP300 za daraja la juu zinazo, L200 za 2019 kuja juu zina kisambaza upepo cha kwenye dari. Saa saba mchana Januari watoto wanatoka skuli, hilo sio anasa. Na mkanda wa katikati nyuma uwe wa kupita begani sio wa tumboni peke yake, na kama mdogo anakaa kwenye kiti chake cha mtoto angalia zile pete za chuma za kufungia kiti kati ya mgongo na kikalio kama zipo.

Mpeleke mama yenu yadi. Apande yeye na ashuke yeye, mara tatu.

fundi_Kwerekwe

Salaam. Mimi ni fundi, sina gari ninayoiuzia mtu, nitasema ninayoyaona shimoni.

Dada UmmuZahra kasema kweli kuhusu watu sita sirudii.

Mie nitaanza na fremu kwa sababu ndio inayomaliza pikapu Zanzibar, sio injini. Pikapu zinazokuja hapa used nyingi haziji kutoka Japani kama saluni zetu. Toyota waliacha kuuza Hilux Japani 2004 wakarudi tena 2017, kwa hiyo zile za katikati hapo ukiambiwa imetoka Japani uliza vizuri. Nyingi zinatoka Thailand, Afrika Kusini na Uingereza kwa sababu huko usukani ni kulia kama kwetu. Sasa za Uingereza zina raha zake, zimekaa vizuri ndani, siti za ngozi, lakini kule wakati wa baridi barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na ile chumvi inaingia ndani ya fremu inakaa. Gari imekula chumvi kule miaka kumi halafu unaileta kisiwani kwenye upepo wa bahari, tena mwenyewe unabeba samaki au mwani nyuma maji ya chumvi yanachuruzika chini. Hiyo fremu itakwenda.

Hapo ndipo inapokuja hiyo D40 alioitaja Mpemba. Fremu za D40 kuoza na kukatika katikati, nyuma ya kebini, ni jambo lililolalamikiwa sana Uingereza na linajulikana. Haimaanishi kila D40 mbovu, ila mimi D40 ya Uingereza sitokwambia ununue mpaka nimeigonga nyundo mwenyewe. Na hii ni kwa pikapu yoyote ya huko: ilale kwenye jeki au shimo, gonga fremu kutoka mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bubu na maganda yanaanguka. Tia kidole kwenye vile vitundu vya kutolea maji, ukitoa unga mwekundu mwingi ondoka. Na iliyopakwa rangi nyeusi mpya inang'aa chini, hiyo ndio uigonge zaidi.

Injini sasa. Hilux Vigo, zile za kabla ya 2015, injini za 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, zinakwenda na taimingi belti inayobadilishwa kila kilomita 150,000, taa huwa inawaka kwenye dashibodi, na wauzaji wanaizima bila kubadilisha belti, kwa hiyo ukiinunua badilisha tu usimuamini mtu. Za 1KD pia zina zile washa za shaba chini ya nozeli, zikivuja moshi unaingia kwenye oili inakuwa nzito mpaka inaziba chujio la ndani ya sampu, na injini inakosa oili. Hizo washa ni za bei ndogo kuliko injini. Hilux Revo, za 2015 kuja juu, 2GD ya 2.4 na 1GD ya 2.8, ni cheni badala ya belti. D-Max yenye 4JJ1 ya 3.0 ni cheni na hiyo ni injini ya kazi, inapiga kelele kidogo lakini inavumilia. L200 ya zamani 4D56 ni belti, ile mpya ya 4N15 ni cheni. Ranger ya 2.2 na 3.2 ni gari nzuri kupanda, imetulia barabarani, na ilikuwa pikapu ya mwanzo kupata nyota tano za Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa gari Ulaya, mwaka 2011, hilo kwa familia sio dogo. Tatizo langu nayo ni vifaa vya umeme na kompyuta, uwe na mtu mwenye mashine ya kuisoma, na baadhi ya speya utaagiza utasubiri.

Chujio la moshi. Gari za Uingereza za miaka ya karibuni zote zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na lile linajichoma lenyewe gari ikiwa imetembea safari ndefu ya mwendo. Sasa Fuoni Malindi, Malindi skuli, foleni ya Mwanakwerekwe, ile gari haipati moto wa kutosha kamwe, linaziba, taa inawaka, nguvu inapotea. Kama safari zako ni hizo, mie ningekushauri utafute ya Thailand au ya Afrika Kusini ambayo haina hilo chujio, au ukubali kuitoa safari ya Nungwi mara kwa mara bila kusimama simama.

Na kuhusu springi ngumu, kuna nusu ya dawa ambayo haigharimu kitu. Watu wanajaza upepo kwenye mataili ya pikapu kama lori, fundi wa upepo anatia tu mpaka taili linalia. Fungua mlango wa dereva kuna kibandiko, kimeandikwa upepo wa gari tupu na upepo wa gari iliyopakiwa, ni tofauti. Tia wa gari tupu siku za skuli, ongeza ukiwa na mzigo. Utaona. Halafu shokapu zikiwa zimechoka badilisha zote nne kwa pamoja, na bushi za springi. Ukitaka zaidi ya hapo zipo springi za kubadilisha zenye vyuma vichache, laini, lakini ukifanya hivo usije ukabeba tani tena.

Mzenji_Ohio

Nawasoma kutoka Marekani. Huku kuna pikapu moja ambayo ingekuwa jawabu la BabaSalma kabisa, Honda Ridgeline. Haina fremu ya lori, imejengwa kwa bodi moja kama gari ya kawaida, na springi za nyuma kila gurudumu linajitegemea, kwa hiyo inatembea kama gari ndogo kabisa. Chini ya bodi ya nyuma kuna buti ya kufunga na ufunguo, mikoba haipati mvua. Jirani yangu ana watoto wanne anaipenda mno. Ila ni petroli, V6 ya 3.5, na zote usukani ni kushoto, na kwa njia zetu za huko kutaka kupita gari ya shamba mbele yako na wewe umekaa upande wa mtaro ni hatari. Nimeitaja kwa sababu najua kuna watu wanatumiwa picha na jamaa zao wa huku wakaingia tamaa. Toyota Tacoma, pikapu nyengine ya huku, nayo vilevile, usukani kushoto. Waachieni watu wa huku.

BabaSalma_Fuoni

Ahsanteni sana, wallahi nimefaidika kuliko kuzunguka kote yadi. Dada UmmuZahra lile la watu sita nimelikaa nikalizungumza na mke wangu jana usiku. Ukweli ni kwamba mama shamba anakwenda mara chache, anapenda abaki na wajukuu wadogo wa dada yangu, na Micheweni hajapata kuvuka tangu magoti yaanze. Kwa hiyo siku nyingi ni watano. Na lile sharti la bodi nimeshalitangaza nyumbani, mkubwa kanuna.

Nimepata mbili za kutazama. Moja Navara NP300 ya 2017, imetoka Uingereza, otomatiki, mkubwa wa yadi anasema ni koili. Nyengine L200 ya 2016, Thailand, manyuo. Bei hazijaachana sana. Fundi, hiyo ya Uingereza niiache moja kwa moja? Na Mpemba, kuvuka nayo kwa meli kuna jambo la kujitayarisha?

Mpemba_wa_Ole

Kuvuka sio kazi, ile Azam Sealink inachukua gari, ila weka nafasi mapema, karibu na Sikukuu na msimu wa karafuu inajaa. Fika bandarini na wakati wa kutosha, nyaraka za gari ziwe na wewe mkononi sio kwenye simu. Vitu vya nyuma funga turubali na kamba kabla hujaingia melini, na ukishuka Mkoani mwagia maji matamu chini ya gari siku hiyo hiyo au kesho yake, usingojee kurudi Unguja. Na kama ipo siku unataka kuipeleka Bara, waulize TRA kabla hujakata tiketi, gari iliyosajiliwa Zanzibar ina utaratibu wake kule.

Ya Thailand angalia kile kitufe cha foo-wili kama ni Super Select, nimekwambia. Thailand wanauza nyingi zisizo na foo-wili kabisa, ziko juu vilevile ukiziona utadhani zinazo.

fundi_Kwerekwe

Usiiache bila kuitazama, 2017 sio ya zamani, chumvi haijaila muda mrefu kama D40. Lakini kwanza uliza imetembea wapi, miji ya Uingereza au shamba, na upate rekodi ya ukaguzi wao wa kila mwaka, ule wa MOT, ukiwa na namba ya usajili ya kule unaisoma bure mtandaoni, na kama kuna kutu ya fremu mkaguzi huwa anaiandika. Maili ilizotembea pia zimo humo, sasa wewe linganisha na zilizoko kwenye dashibodi. Hilo chujio la masizi lazima itakuwa nalo. Mwambie mwenye yadi aiwashe ikiwa ya baridi kabisa asubuhi, sio akupashie kabla hujafika.

Otomatiki nayo itembeze mpaka ipate moto, nusu saa hivi, halafu simama kwenye kilima uondoke polepole. Ikigonga wakati wa kubadilisha gia usiichukue.

Na kabla hujalipa hata thumni, wakala wa forodha akuandikie hesabu ya kodi yote ya gari ile ile kwa namba yake ya chesisi kama bado haijalipiwa, sio hesabu ya mdomo.

Jumamosi hii baada ya adhuhuri nipo. Zilete zote mbili gereji tuzipandishe, na mje na watoto wakae siti ya nyuma tuzizungushe mpaka Tunguu, njia ile ina lami na ina kifusi pembeni, tutazijaribu kote. Njoo na tochi nzuri, yangu betri imekufa.

UmmuZahra

Na mama msimuache nyumbani siku hiyo.